Wanga Ulikuwa Sahanini Mwangu

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe tena, maana mara ya kwanza mmeitikia kama watu waliokwisha kushiba.

Mchungaji aliniita Jumatano akaniambia, "Yonathani, ushuhuda usemwe kwa upole, watu wajengwe." Nikajibu, "Ndiyo, Baba Mchungaji." Nimejaribu, ndugu zangu. Nimeutafuta huo upole tangu Jumatano mpaka asubuhi hii, sikuuona. Nimesimama hapa nimekasirika. Nimemkasirikia shetani, nimejikasirikia mwenyewe, na baadhi yenu mliokaa kwenye mabenchi haya nimewakasirikia pia. Mungu aliyenifungua anajua yote hayo, wala hakuniambia nisubiri hasira ipoe ndipo nimshukuru.

Wenyeji mnanijua. Kwa wageni, mimi ni dereva wa Fuso. Miaka kumi na tisa nabeba mboga kutoka huku kwetu Mtae na vijiji vya njiani, napita Lushoto, napita Soni, nateremka Mombo kwenye barabara kuu, wenye mizigo wanapokelewa na magari ya Dar. Kabeji, karoti, hoho, figili, kila kitu cha kijani kinachoota kwenye milima hii kimepita nyuma ya gari langu. Na mimi sikukila! Nilikuwa nasema kabeji ni chakula cha watu wa mjini wanaoogopa kunenepa. Chakula cha mwanaume ni ugali, tena ugali wa kuegemea. Pale Mombo, mama lishe wangu, Mama Zuhura, alinipa jina: Sahani Mbili. Nikishuka tu kwenye gari anapiga kelele, "Sahani Mbili huyo, ongezeni maji sufuriani!" Watu wanacheka, na mimi najisikia mkubwa. Ugali sahani mbili, chipsi za kusindikizia, soda mbili baridi. Nikipanda mlima kurudi, mandazi manne mfukoni.

Kisha kiu ikaanza. Nakunywa maji, bado kiu. Nasimamisha gari kila baada ya kona chache nikajisaidie, mwenye mzigo ananung'unika. Macho yakaingia ukungu, nikawa nawasingizia watu wa barabara kwamba vibao vyao vimechakaa. Halafu kidonda kwenye kidole gumba cha mguu, kimetokana na kokoto tu, kikakaa miezi mitatu hakifungi. Ndugu zangu, baba yangu mzazi alikatwa mguu kwa kidonda cha namna hiyohiyo, na alipokufa ukoo mzima ulisema kalogwa. Nami nilisema hivyo. Nilikuwa na miaka ishirini na tatu, nikasema kwa mdomo huu.

Mke wangu, Mama Neema, ndiye aliyenisukuma kwenda zahanati. Kaka yangu mkubwa, Zakaria, akanisindikiza. Nesi akanitoboa kidole, akatazama kile kimashine, akatazama mguu, akanitazama usoni. Mlango ulikuwa wazi, kaka amekaa pale nje kwenye benchi. Nesi akasema, tena kwa sauti ya kusikika, "Baba, shida yako ni wanga."

Hayo tu. Kaka Zakaria aliruka pale kwenye benchi kama aliyekanyaga siafu. "Nilijua!" akasema. "Nilijua tangu kwa baba!" Akatoka mbio. Hakusikia maneno yaliyofuata. Nesi alikuwa anaendelea kunieleza: una ugonjwa wa sukari, wanga ni vyakula kama ugali, wali, viazi, mihogo, mkate, ukila vingi vinageuka sukari mwilini, wewe uvipunguze, mboga ziwe nyingi, na dawa umeze kama daktari atakavyokuandikia. Akanipa karatasi yenye orodha. Nikaikunja, nikaitia mfuko wa shati.

Nilipofika nyumbani habari ilishanitangulia. Hata hospitali wamethibitisha! Nesi mwenyewe wa serikali kasema ni wanga! Na mkishasema wanga, ndugu zangu, mnatafuta mwanga, yule mchawi wa usiku, ni nani. Hamkutafuta mbali. Mlimtafuta mjane.

Bibi Elfrida alikuwa jirani yangu wa chini, nyumba yake kwenye tuta la pili kutoka kwangu. Mume hana, watoto wameolewa mbali. Ana kuku wake, ana bustani yake ya mnavu na mchicha, anaamka alfajiri kumwagilia kabla jua halijapanda. Huo ndio ukawa ushahidi! Mbona anaamka mapema? Mbona kuku wake hawafi na wa wenzake wanakufa? Mbona mboga zake zinastawi kiangazi? Zinastawi kwa sababu anamwagilia! Mwanamke anafanya kazi alfajiri, nyinyi mmelala, halafu mnasema anawanga!

Lakini ngoja. Kabla sijawafikia nyinyi, nianze na mimi.

Mimi nilijua. Nilikuwa na karatasi mfukoni. Kaka alipokuja jioni na wazee wawili kuniambia ametambua adui yangu ni nani, nilikuwa na karatasi mfukoni! Nikainamisha kichwa kama mgonjwa. Sikusema "ndiyo," sikusema "hapana." Mnajua kwa nini? Kwa sababu kama ni mchawi, ugali wangu umepona. Kama ni mchawi, kesho nashuka Mombo, sahani mbili kama kawaida. Mchawi anafukuzwa na watu wengine, lakini sahani ilibidi niisogeze mwenyewe. Nikachagua mchawi. Siku kumi nilipita mlangoni pa yule mama kila asubuhi nikielekea kwenye gari, nikamwamkia, "Shikamoo, Bibi," akaitikia, "Marahaba, Yona, mguu unaendeleaje?" Nami nikajibu, "Unaendelea, Bibi." Nilaaniwe nikisahau hilo!

Siku ya kumi Mama Neema alikuwa anafua. Akaja sebuleni na karatasi imelowana kwenye kona.

"Baba Neema, hii ni nini?"

"Ni ya zahanati."

"Nimeisoma. Kwa hiyo wanga wenyewe ndio huu? Ugali?"

Nikajifanya natafuta ufunguo wa gari.

"Na unajua kinachosemwa huko nje juu ya Bibi Elfrida?"

"Nitaongea na kaka."

"Lini?"

"Kesho nikirudi safari."

Hakunipigia kelele. Aliniangalia tu kama unavyoangalia kitu kilichooza ndani huku nje bado kizima. Nikapata hasira, nikampigia yeye kelele, kwamba kuanzia kesho sigusi ugali, sigusi kiazi, aone kama mimi si mwanaume. Akaniuliza, "Utakula nini sasa? Humu ndani kuna unga na viazi tu." Nikamjibu, "Sitakula!"

Ndugu zangu, hasira haipiki. Asubuhi nilimeza vidonge vya kushusha sukari alivyoniandikia daktari, juu ya tumbo tupu, nikapanda gari. Mzigo ulikuwa karoti, na mwenye mzigo, mama mmoja mfanyabiashara, amekaa mbele pamoja nami. Tulipopita Soni tukaanza zile kona za kuteremka, mikono ikaanza kutetemeka. Jasho likanitoka kama nimemwagiwa ndoo. Barabara ikawa mbili. Yule mama akasema, "Baba, una nini? Baba! Simamisha gari!" Bonde lilikuwa kushoto. Namshukuru Mungu aliyeuvuta usukani kulia! Nililiegemeza gari kwenye ukuta wa mlima, likakwaruza, likasimama. Yule mama alikuwa na soda kwenye kikapu chake, akanifungua mdomo akanimiminia. Baadaye ndipo nikaelezwa kwamba sukari ilikuwa imeshuka chini kabisa. Nimekunywa dawa ya kushusha sukari, na chakula sikula. Nusura nimuue yeye na nijiue mimi, kwa ajili ya ubishi na mke wangu.

Nililala kituo cha afya siku moja. Mama Neema akashuka kunifuata. Na huku nyuma habari ikapanda mlima bila mimi: Yona kashikwa na wanga ndani ya gari! Wamemtia kizunguzungu penye kona! Basi mkaamka, mashujaa wa Mungu. Mkachukua majembe.

Tuliporudi kesho yake mchana niliwakuta wengine bado mmesimama. Mnavu umeng'olewa wote, mchicha umekanyagwa, banda la kuku limevunjwa, masufuria yako nje kwenye vumbi. Bibi Elfrida amekaa kizingitini, kikapu magotini, anasubiri kuambiwa aende wapi. Kaka Zakaria alinikimbilia akanishika bega: "Mdogo wangu, sasa utapona. Tumemaliza."

Mama Neema hakunisubiri. Akatoa ile karatasi kwenye pochi, akaisoma kwa sauti anayotumia kufundishia watoto wa shule ya Jumapili: "Wanga. Ugali, wali, viazi, mihogo, ndizi za kupika, mkate, maandazi."

Kijana mmoja akacheka. Kaka akasema, "Hayo ni maandishi ya nesi. Nesi ni mtu wa pwani, anajua nini mambo ya huku?"

Ndipo mdomo wangu ukafunguka. Ninaposema Mungu alinifungua, ndugu zangu, nasema dakika ile, pale kwenye mboga zilizong'olewa. Nikasema, "Kaka, hakuna aliyeniroga. Nesi alinieleza siku ileile, wewe ulishatoka mbio. Niliyejiroga ni mimi, kwa mkono huu wa kumegea tonge. Na baba naye hakulogwa. Alikuwa na sukari."

Bibi Elfrida akainua uso.

"Ulijua, Yona?"

"Nilijua, Bibi."

"Ukawa unapita hapa kila asubuhi, unaniamkia shikamoo, naitikia, na unajua?"

"Ndiyo, Bibi."

Akatazama bustani yake. Kisha akasema, "Chukua jembe."

Nikachukua. Na nyinyi mkaondoka mmoja mmoja, kimya kimya, kama watu wanaotoka msibani kabla ya kutoa rambirambi. Hakuna aliyebaki! Hakuna aliyesema pole! Nilipanda mimi, Mama Neema akachota maji, na Bibi Elfrida akasimama nyuma yangu akinisahihisha mstari.

Wiki ile nilirudi kwa nesi. Akaniuliza, "Siku ile ulikula nini kabla ya dawa?" Nikasema, "Nilikula hasira, nesi." Hakucheka. Akafoka mpaka wagonjwa wa nje wakanyamaza. "Nilisema upunguze wanga, sikusema ufunge! Na mtu wa dawa akibadilisha chakula anakuja kwanza hapa, daktari aangalie dawa upya! Unataka nikuzike?" Ndugu zangu, nilishukuru ile hasira. Ni mtu wa pwani, kaja huku kwa barua ya kazi, na alikasirika kwa ajili ya uhai wangu kuliko ndugu zangu wa damu. Daktari akapunguza dawa, akanipangia siku za kupima.

Nikamsimulia Bibi Elfrida wakati napalilia. Akasema, "Wewe dereva gani? Ukitaka kuteremka Mombo unaangalia breki, unaangalia tairi, unaangalia maji. Kwenye kula ulitoka tu na ufunguo mkononi."

Hapo ndipo nilipojifunza kujiandaa, na hili nalisema hasa kwa nyinyi mnaotaka kuanza. Usianze kwa kiapo. Anza kwa kuangalia jikoni kuna nini. Jumamosi mimi na Mama Neema tulikwenda sokoni, mara ya kwanza tangu tuoane mimi kubeba kikapu. Tukanunua mayai, dagaa, karanga, maparachichi, kabeji, hoho. Nilikuwa nimebeba kabeji kwa magunia, siku ile ndiyo nilinunua moja ya kwangu! Tukakubaliana ugali wangu ni wa ukubwa wa ngumi, na mboga zijae sahani. Watoto wanaendelea na chakula chao, ugonjwa si wao. Kila alfajiri ya safari hotipoti yangu inakuwa tayari: mboga, mayai mawili ya kuchemsha, maharage kidogo. Na peremende tatu kwenye droo ya gari, kama alivyoagiza nesi, sukari ikishuka njiani. Hata maneno ya kusema Mombo niliyaandaa, maana nilijua nitachekwa.

Nilichekwa! Madereva wenzangu walisema nimepata ule ugonjwa usiotajwa. Mmoja akasema mke wangu kanitawala. Mama Zuhura akashika kiuno, "Sahani Mbili, umeokoka mpaka ugali?" Nikasema nilichokiandaa: "Mama, nina sukari. Nipe samaki na mchicha, ugali kidogo, nitakulipa bei ileile." Akaniletea. Siku ya tatu akaniambia polepole, wengine wasisikie, kwamba na yeye kichwa kinamuuma na kiu haiishi, apime wapi.

Msidhani niliruka mpaka mbinguni. Wiki ya kwanza kichwa kiliniuma, nilikuwa mkali hata kwa mbuzi. Mwezi wa pili, harusi ya mtoto wa dada yangu, nikala pilau sahani mbili na keki. Watu wananisukumia, "Kula bwana, sherehe haiji kila siku, mtu mzima unasusa?" Jumatatu asubuhi kipimo kikapanda, nikasema basi, nimeshindwa, mimi si mtu wa mambo haya. Mama Neema alikuwa anamenya kitunguu. Akasema, "Umeanguka Jumamosi. Leo Jumatatu. Hotipoti iko mezani." Nikaichukua. Tangu hapo sijajiuliza kama nina moyo wa kuendelea. Kuna siku moyo haupo kabisa. Hotipoti ipo, naichukua.

Kidonda kimefunga, ndugu zangu! Asifiwe Bwana! Vibao vya barabarani navisoma. Ugonjwa bado ninao, bado napima, bado nameza kidonge, na atakayesema Yonathani amepona sukari ananisingizia. Nilichofunguliwa ni uongo. Nilikuwa nimefungwa na uongo uliokuwa unanilisha mara tatu kwa siku.

Sasa nifike kwenye hasira yangu.

Mboga za Bibi Elfrida ziliota. Zilipokuwa tayari kuchumwa alizichuma, akatuletea fungu, akafunga nyumba yake, akaenda kwa binti yake Bulwa, huko kwenye mashamba ya chai. Hajarudi. Miezi saba nyumba imefungwa, majani yameota kizingitini, na nyinyi mnapita pale mkija ibadani! Mnapita na vitabu vya nyimbo mkononi! Kaka yangu hasemi nami. Na waliovunja banda wako humu. Nawaona. Wewe uliyeketi karibu na nguzo, nakuona. Ulishiriki meza ya Bwana Jumapili iliyopita.

Mwezi uliopita nilikwenda Bulwa. Nikamkuta kwenye nyumba za wafanyakazi, anamsubiri binti yake atoke kuchuma chai. Nikapiga magoti kwenye matope. Akaitikia shikamoo yangu. Akanipa kiti, akachemsha mayai, maana anajua ninachokula. Nikamwomba msamaha, nikamwomba arudi nyumbani. Akasema, "Nimekusamehe, Yona. Kusamehe ni kwangu. Lakini kurudi ni kwenu. Mimi nirudi kwa nani?"

Nirudi kwa nani! Mnalo jibu nyinyi?

Ndugu zangu, Mungu ninayemshukuru leo hakuniponya kwa muujiza wa kushangaza. Alinipa mke asiyenyamaza, nesi anayefoka, na mjane aliyenipa jembe badala ya laana. Mtumainini Mungu huyo. Atakutoa aibuni, lakini atakupitisha kwenye ukweli kwanza, na ukweli unachoma.

Basi nawaalika. Wewe unayeficha karatasi mfukoni, unayesema kiu hii itaisha, Ijumaa njoo kwangu, uje na mwenzako wa nyumbani, Mama Neema atawaonyesha tunavyopanga wiki, na asubuhi ya Jumatatu nitakusindikiza mwenyewe kwa nesi. Na Jumamosi naenda Bulwa. Gari litakwenda tupu, mbele na nyuma kuna nafasi. Anayetaka kwenda kumwambia yule mama "tumekosa" apande. Sitauliza kama ulishika jembe au ulisimama tu ukitazama.

Mchungaji ananipa ishara niketi. Samahani, Baba Mchungaji, siketi. Nitasimama hapa hapa mpaka mmoja asimame. Nina muda. Leo si siku ya safari.

Nasubiri.

Nakuona, mama, pale dirishani. Asante. Simama wima, usiogope. Mungu akubariki.

Bado nafasi zipo. Mwingine?